Maji ya Njiani: Ubebe Nini Ukitoka Eldoret kwa Barabara ya Vumbi

Lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna begi la bei yoyote linaloipunguza. Anayetoka Eldoret alfajiri kwa baiskeli kuelekea msitu wa Kaptagat, au anayeteremka Tambach hadi Bonde la Kerio, hulipia maji mara mbili: kwanza mfukoni, kisha mgongoni na miguuni. Mabishano mengi ninayoyasikia kwenye maduka ya baiskeli huhusu chombo: chupa gani, begi gani, la kampuni gani. Maji yenyewe, yametoka wapi na yatajazwa tena wapi, hutajwa mwishoni au hayatajwi kabisa. Hapo ndipo pesa zetu zinapopotelea.

Bei nitakazotaja ni za kukadiria, nimezizungusha ili hesabu iende kirahisi. Bei ya duka lako ndiyo utakayoiweka mahali pake. Mpangilio wa vitu, kipi ghali na kipi nafuu, hautabadilika.

Tuanze na kiasi, maana ukikosea kiasi hata begi la shilingi 12,000 halikusaidii. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, Iten karibu mita 2,400. Asubuhi huku juu ni baridi, na mtu anaweza kuendesha saa moja na nusu bila kuhisi kiu ya maana. Ukishuka ukingo wa Elgeyo hadi sakafu ya bonde, umepoteza zaidi ya mita 1,000 za mwinuko kwa mwendo mfupi tu, na umeingia joto la nchi nyingine kabisa. Hapo ndipo wengi hudanganyika: hupima maji kwa hali ya hewa ya mahali wanapoanzia. Uyapime kwa hali ya mahali utakapokuwa saa sita mchana, tena ukiwa unapanda.

Wanariadha wa eneo hili wamewahi kupimwa kwa makini katika jambo hili. Utafiti wa Vincent Onywera na wenzake, uliochapishwa 2004, ulionyesha kwamba wakimbiaji wa Kenya wa kiwango cha juu walikunywa chai ya maziwa kwa wingi, zaidi ya lita moja kwa siku, na maji kwa kiasi kama hicho. Utafiti mwingine wa 2008, ambao Onywera pia alishiriki, uliona kwamba wakimbiaji wa kiwango hicho walikunywa kadiri walivyojisikia tu, na miili yao ikabaki na maji ya kutosha siku hata siku. Upande wa pili kuna hatari ya kunywa kupita kiasi. Baada ya Boston Marathon ya 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 wana upungufu wa chumvi kwenye damu. Kuongezeka uzito wakati wa mbio, yaani kunywa kuliko jasho lililotoka, kulihusishwa sana na hali hiyo. Mshiriki mmoja wa mbio zile alifariki kwa sababu hiyo. Kwa hiyo asikuuzie mtu mfuko wa lita 3 kwa hoja kwamba lazima zote ziishe. Kunywa kiu inapokuambia, na ubebe ziada kidogo kwa ajili ya pancha.

Kwa njia za Kaptagat na kwenye mashamba ya Moiben, lita moja au moja na nusu humtosha mtu mzima kwa saa tatu, kwa sababu vituo vya biashara haviko mbali na kioski hakikosi maji ya chupa. Kerio ni hadithi nyingine. Barabara inayopanda kutoka Kimwarer hadi Nyaru, ile wakimbiaji wanayoiita Fluorspar, ni kilomita 20 na ushei za kupanda tu, kutoka joto la bondeni hadi baridi ya mita 2,700 hivi. Huko nabeba lita 2 na nusu na sijutii kilo zake.

Sasa chombo.

Cha bei ya chini kabisa ni chupa ya soda ya nusu lita iliyofungwa kwenye fremu kwa blada, ile mikanda ya tyubu kuukuu ambayo kila mtu wa bodaboda anayo. Gharama yake ni shilingi 20 au 50. Usiidharau. Inashika kuliko vishikio vingi vya plastiki, na ikikatika fundi yeyote wa mitaa ya Langas au Huruma atakupa nyingine. Kasoro yake ni kwamba huwezi kuichomoa ukiwa unaendesha, na chupa yenyewe ni nyembamba, hupata mikunjo na mikwaruzo ambamo uchafu hujificha. Itumie kama akiba, pale chini ya fremu.

Kishikio cha chuma au alumini kwa shilingi 300 na chupa ngumu ya lita robo tatu kwa shilingi 500: huo ndio ununuzi bora kwa watu wengi wa Eldoret. Seti mbili zinakuja shilingi 1,600. Ikiwa fremu yako haina matundu ya skrubu, fundi atakufungia kwa vibano. Usimruhusu atoboe fremu nyembamba ya chuma. Chupa ya namna hii hujazwa popote, kwenye mfereji, kwenye jerikeni la mama wa kioski, na unaona kwa macho maji yamebaki kiasi gani. Mdomo wake mpana unaingiza brashi. Vuta kishikio kwa ndani kidogo kwa mkono kabla ya kuteremka, ili kibane, kwa sababu mawe ya njia za Kerio hurusha chupa nje na hutasikia ikianguka.

Kuna jambo moja linalozipunguzia chupa hizi alama. Njia zetu za mashambani ni njia za ng'ombe. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei gurudumu la mbele hurusha tope na kinyesi moja kwa moja kwenye mdomo wa chupa, na wewe unaweka mdomo papo hapo. Tafuta chupa yenye kifuniko juu ya chuchu. Ukiikosa, vika mfuko mdogo wa kitambaa. Nimeona watu wanachemsha maji kwa uangalifu nyumbani kisha wanakunywa samadi kilomita ya tano.

Begi la mgongoni lenye mfuko wa maji na mrija ndilo linalosifiwa sana. Wazo lake lilizaliwa Texas mwishoni mwa miaka ya 1980, pale Michael Eidson, mhudumu wa gari la wagonjwa, alipojaza maji kwenye mfuko wa dripu, akauingiza ndani ya soksi, akaubandika mgongoni na kuingia mashindano ya baiskeli ya maili 100 wakati wa joto kali. Kutoka hapo ikatokea kampuni ya CamelBak. La kampuni kubwa, likiagizwa kutoka nje, linaweza kukugharimu shilingi 8,000 hadi 15,000. Lile lisilo na jina linalouzwa mtandaoni ni kama shilingi 2,500.

Faida yake ni moja tu, lakini ni kubwa: mikono haitoki kwenye breki. Ukiteremka kutoka Iten kuelekea Tambach, kona zimebana na malori yanapanda taratibu katikati ya barabara; kuinama kutafuta chupa hapo ni kujitakia. Orodha ya kasoro zake ni ndefu zaidi. Mgongo unalowa jasho, huoni maji yanakaribia kuisha, kujaza upya kwenye kioski ni kazi ya kufungua begi zima, na mrija ni mwembamba, mrefu na wa giza kwa ndani. Nitaurudia huo mrija.

Kwa mtu wa baiskeli ya kawaida, basi, begi ni chaguo la siku za Kerio. Mtu wa baiskeli ya gurudumu moja hana chaguo jingine. Mchezo wa kupanda gurudumu moja kwenye njia za milimani, ambao Kris Holm wa Kanada ni mmoja wa waliouvumisha duniani, una masharti magumu ya maji kuliko baiskeli yoyote. Hakuna fremu ya kufungia kishikio. Pedali zimeshikana na gurudumu moja kwa moja, kwa hiyo miguu haipumziki hata kwenye mteremko, na hakuna dakika ya kuteleza tu huku unakunywa. Mkono mmoja hushika kiti, wa pili uko hewani ukitafuta mizani. Chupa ya kiunoni hugonga kiti na kumwumiza mtu akidondoka. Kinachobaki ni begi dogo la lita moja na nusu au 2, lenye mkanda wa kifuani, lililobana juu ya mgongo. Hapo begi la bei nafuu huonyesha udhaifu wake, kwa kuwa maji yanayochezacheza mgongoni yanatosha kumwangusha mtu. Dawa yake haina bei: jaza mfuko, ufunge, upindue juu chini, kisha nyonya hewa yote kwa mrija mpaka maji yaje. Mfuko usio na hewa hautikisiki. Wakimbiaji wa njia za msituni nao wafanye vivyo hivyo.

Kuhusu mitumba: begi lenyewe linunue mtumba bila wasiwasi, kwa shilingi 500 au 800 utapata lenye mikanda imara kuliko jipya la shilingi 2,500. Kagua zipu na mshono wa mikanda ya mabegani. Mfuko wa maji wa ndani, hapana. Huwezi kujua umekaa na nini kwa miaka mingapi, na ukungu uliomo ndani ya mrija hauonekani sokoni. Nunua mfuko mpya, uujaze, uulaze juu ya gazeti usiku mmoja chini ya kitabu kizito. Gazeti likiwa kavu asubuhi, umepata mfuko.

Hizo zote ni gharama za mara moja. Gharama inayojirudia ni maji, na hapa ndipo ninapotaka msomaji achukue kalamu.

Tuseme unatoka mara mbili kwa wiki, kama mara 100 kwa mwaka, na kila mara unatumia lita 2. Hizo ni lita 200. Ukinunua chupa za nusu lita kwa shilingi 50, ni chupa 400, yaani shilingi 20,000. Ukijaza kwenye duka la maji ya kusafishwa, yale ya kujazisha jerikeni lako, kwa shilingi 10 kwa lita, ni shilingi 2,000. Ukichemsha ya mfereji kwa birika la umeme, lita moja hula takriban sehemu moja ya kumi ya uniti. Uniti ikiwa shilingi 30, lita ni shilingi 3, na mwaka mzima ni shilingi 600. Tofauti kati ya njia ya kwanza na ya pili pekee ni shilingi 18,000, inayotosha kununua begi la kampuni kubwa na chenji ikabaki ya kishikio na chupa mbili. Chombo ghali kuliko vyote kwenye orodha hii ni ile chupa ya dukani ambayo hakuna anayeihesabu kama chombo.

Tena chupa hiyo ina sheria yake. Tangu 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, chupa za maji zikiwemo, zimepigwa marufuku ndani ya maeneo ya hifadhi nchini Kenya: mbuga, fukwe na misitu. Kaptagat ni msitu wa hifadhi. Ukipita kwenye miti yake na chupa ya kutupa, umekiuka sheria hata kama unakusudia kurudi nayo. Na ukilazimika kununua chupa kituoni kabla ya kufika msituni, imimine kwenye yako na uiache dukani. Angalia pia stempu ya ushuru ya mamlaka ya mapato, KRA, ambayo imetakiwa kwenye maji ya chupa tangu Novemba 2019, na alama ya shirika la viwango, KEBS. Namba ya kibali iliyo chini ya alama unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe wa SM# na namba hiyo kwenda 20023. Chupa isiyo na vitu hivyo viwili inaweza kuwa maji ya mfereji yaliyofungwa kifuniko kipya.

Maji ya mfereji ya Eldoret, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Chebara kule Elgeyo Marakwet, hutibiwa kabla ya kusambazwa. Tatizo ni safari yake ya mwisho: tangi la juu ya nyumba ya kupanga ambalo halijaoshwa tangu lipandishwe, na ndoo ya siku za mgao. Ndiyo maana nasema uchemshe. Na kwa urefu wetu huu, maji hutokota yakiwa na nyuzi 93 hivi badala ya 100. Bado vijidudu hufa, ila kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinashauri kwamba juu ya mita 2,000 uyaache yachemke dakika 3 kamili badala ya moja. Birika la umeme linalojizima lenyewe halitakupa dakika hizo; tumia sufuria, au ubonyeze tena, na uongeze shilingi chache kwa lita kwenye ile hesabu.

Njiani huwezi kuchemsha. Beba dawa. Klorini ya maji kama WaterGuard hugharimu senti tu kwa lita, na vidonge vinaingia kwenye mfuko wa zana. Soma kipimo kwenye karatasi yake, maana kidonge cha jerikeni la lita 20 si cha chupa yako. Subiri dakika 30. Maji yawe maangavu kwanza: ya mto yenye tope yachuje kwa leso, kwani klorini huishia kupambana na tope badala ya vijidudu. Jua nalo ni dawa ya bure kwa mwenye muda. Watafiti walioongozwa na Ronán Conroy walifanya kazi na watoto wa Kimaasai wa Kajiado, na mwaka 1996 wakachapisha matokeo: waliokunywa maji yaliyowekwa kwenye chupa angavu za plastiki juu ya paa waliugua kuhara kali mara chache kuliko wale ambao chupa zao zilikaa ndani ya nyumba. Saa 6 za jua kali zinatosha. Kwa mwendo wa siku moja njia hiyo haikufai, lakini anayelala kambini Kerio anaweza kupanga maji ya siku ya pili kwa namna hiyo.

Yapo mambo ambayo moto, klorini na jua haviyagusi. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watu wetu ni ushahidi wake. Kimwarer penyewe palichimbwa madini ya fluorspar kwa miongo, na madini hayo ni floraidi ya kalisi. Kuchemsha maji ya namna hiyo huyaongezea ukali, kwa sababu maji hupungua na floraidi inabaki. Kujaza chupa moja ya kisima kwa siku ya kiu hakutakudhuru. Kama unafanya mazoezi huko kila wiki na una watoto unaowapelekea maji hayo nyumbani, lipa zile shilingi 10 kwa lita kwenye duka lenye mtambo wa kuchuja kwa shinikizo, na umwulize mwenye duka alibadilisha chujio lini.

Narudi kwenye mrija. Wazee wa Kikalenjin waliohifadhi mursik, maziwa ya kuchachusha, kwenye kibuyu cha sotet hawakuona kubeba kuwa kazi. Kazi ilikuwa kusafisha. Kibuyu kilisuguliwa ndani kwa sosiot, kijiti cha kusafishia, kikakaushwa, kikapakwa mkaa wa mti wa senetwet, ndipo maziwa yakaingia. Nidhamu hiyo hiyo ndiyo mfuko wa mrija unayoitaka, na ndiyo gharama ambayo haikuandikwa kwenye boksi. Usitie ndani yake glukosi, sharubati wala uji. Sukari ikae kwenye chupa. Ukirudi, siku hiyo hiyo, suuza kwa maji ya uvuguvugu na kijiko cha baking soda, pitisha kwenye mrija uzi uliofungwa fundo la kitambaa, kisha uutundike wazi huku kijiko cha mbao kimetenganisha kuta zake. Mwenye friji auweke humo. Baridi huchelewesha ukungu. Ukiona madoa meusi yasiyotoka, nunua mrija mpya wa shilingi mia chache, usijaribu kuyazoea. Mtu anayejijua kwamba hawezi kazi hii abaki na chupa mbili. Ni uamuzi wa busara kuliko begi zuri lenye ukungu.

Iten leo ni nyumbani pia kwa waendesha baiskeli wa njia za vumbi, na kumbukumbu ya Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyefariki mashindanoni Vermont Agosti 2022, imewavuta vijana wengi kwenye mchezo huu. Wengi wao hawana shilingi 2,500 za begi, na nisingependa wazitafute. Kikundi kina njia bora. Pale Berlin, Septemba 2018, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 2:01:39, hakubeba hata tone. Mtu mmoja wa kujitolea, Claus-Henning Schulke, ndiye aliyekuwa akimkabidhi chupa zake. Huku mazoezini kocha hufuata kwa gari. Watu sita wanaopanda Fluorspar wanaweza kukodi bodaboda mmoja kwa shilingi 1,200, ambazo ni 200 kwa kila mmoja, afunge jerikeni la lita 20 kwenye karia kwa blada, na kila mtu apande na chupa moja tu ya robo tatu lita. Kubalianeni bei na vituo vya kusimama kabla hamjaondoka bondeni, mbebe kikombe safi cha kuchotea, na mwambieni dereva akae nyuma yenu. Akiwa mbele, mtakula vumbi lake hadi Nyaru.